Subira Isiyo Bubu: Kipandauso na Haki ya Kusadikiwa

Utangulizi

Miongoni mwa maradhi yampatayo binadamu, yako yale yanayojitangaza yenyewe. Mwenye mguu uliovunjika hana haja ya kuhubiri. Plasta yake humsemea. Mwenye homa huguswa paji la uso, na mkono wa amgusaye hupata habari kamili. Lakini yako maradhi mengine yasiyo na shahidi ila yule anayeyaugua. Kipandauso ni mojawapo ya haya. Kipimo cha damu hakikioni, wala picha za eksirei hazikionyeshi. Hata daktari bingwa wa neva, mwenye vyombo vyote vya kisasa, hukitambua hasa kwa kumsikiliza mgonjwa: maumivu yalianza lini, yako upande gani, yalidumu kwa muda gani, yalifuatana na nini. Yaani kipandauso huwafikia watu wengine kwa njia ya maneno, au hakiwafikii kabisa.

Kwa sababu hiyo, si kuvuka mipaka kwa jarida la uhakiki wa fasihi kujishughulisha na maradhi haya. Mahali popote ambapo jambo zito hutegemea usemi wa mtu mmoja na usikivu wa mwingine, hapo mhakiki ana kazi. Makala haya yananuia kuchunguza swali la kimaadili lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni huu: je, mtu anayeugua maumivu yasiyoonekana ana wajibu wa kuyavumilia kimyakimya, akizitawala hisia zake ili asiwasumbue wenziwe? Upande wa pili: sisi tunaomsikia tunawiwa nini naye? Tutashikilia kwamba utamaduni wetu umeusifu uvumilivu kwa haki, lakini umeuchanganya na ububu pasipo haki. Na kwamba mchanganyiko huo humwongezea mgonjwa maradhi ya pili juu ya yale aliyo nayo.

Maradhi Yenyewe

Kabla ya kuhukumu, hatuna budi kufahamu kinachozungumzwa. Kipandauso si kuumwa kichwa tu. Ni tukio la mfumo mzima wa neva, na kichwa kinachouma ni sehemu yake moja. Shambulio lisilotibiwa kwa mtu mzima huendelea kwa saa 4 hadi saa 72. Aghalabu maumivu hushika upande mmoja, hupwita pamoja na mapigo ya moyo, na huzidi mtu anapopanda ngazi au kuinama. Hufuatana na kichefuchefu au kutapika, na mwangaza wa kawaida wa mchana huwa kama kisu machoni. Sauti ya sufuria jikoni huwa adhabu. Kabla ya hayo, pengine siku nzima mbele, mtu hupiga miayo asiyoielewa, hutamani chakula fulani, au huingiwa na unyong'onyevu usio na sababu. Baada yake huja siku ya uchovu na mawazo mazito.

Kwa baadhi ya wagonjwa, maumivu hutanguliwa na kile ambacho matabibu hukiita aura. Mtu huona vimulimuli, au mstari wa kuvunjikavunjika mfano wa meno ya msumeno, ambao hupanuka polepole na kuacha doa la upofu nyuma yake. Mnamo 1941 mwanasaikolojia Karl Lashley, ambaye mwenyewe alikuwa na maradhi haya, alichapisha michoro ya doa lake na kukadiria kwamba jambo linalolisababisha hutambaa juu ya gamba la ubongo kwa kasi ya milimita 3 hivi kwa dakika. Mnamo 1944 Aristides Leão, mtafiti kutoka Brazili, alieleza wimbi linalotambaa kwenye ubongo wa mnyama kwa kasi kama hiyo, ambalo huzima kwa muda utendaji wa kila sehemu linayoipita. Hapa ndipo ilipobainika kwamba yale aliyoyaona mgonjwa hayakuwa njozi.

Idadi ya wanaougua si ndogo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana kipandauso. Baada ya kubaleghe, wanawake hupatwa mara mbili hadi mara tatu zaidi ya wanaume. Uchunguzi wa mzigo wa maradhi duniani wa mwaka 2019 ulikiweka katika nafasi ya pili miongoni mwa vyanzo vya ulemavu, na katika nafasi ya kwanza miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Huo ndio umri wa kusoma, kuajiriwa, kuzaa na kulea. Hata hivyo, maradhi haya hayaui kwa kawaida, na pengine hii ndiyo sababu mojawapo ya kupuuzwa kwake. Jamii iliyozoea kuhesabu makaburi huona taabu kuhesabu siku zilizopotea ndani ya chumba chenye giza.

Sarufi ya Maumivu

Tuyatazame maneno yetu. Kiswahili kinalo jina la maradhi haya, nalo lina picha ndani yake: kipandauso, kitu kinachoupanda uso kama mtambaazi apandavyo mti. Wayunani waliyaita kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu, na ndilo lililozaa majina ya lugha nyingi za Ulaya. Waarabu nao huyaita shaqiqa, kwa shina lenye maana ya kupasua na kugawa nusu. Wengine, basi, wametaja mahali panapouma. Kiswahili kimetaja mwendo.

La kufunza zaidi ni sarufi. Mwingereza husema kwamba ana maumivu ya kichwa, kana kwamba ni mali yake. Mswahili husema: kichwa kinaniuma. Mtendaji wa sentensi hii ni kichwa, na mwenye kichwa amebanwa katika kiambishi cha mtendwa, silabi moja tu katikati ya kitenzi. Isitoshe, kitenzi chenyewe ndicho kile kitumikacho kwa mbwa na nyoka. Watu wa pwani husema pia kwamba kichwa kinawawanga, na kitenzi hiki, kwa sauti zake, hakitofautiani na kile kinachotaja kazi ya wachawi usiku. Hatudai kwamba asili yao ni moja. Twasema tu kwamba sikio la msikilizaji huyasikia yote mawili. Na mtu akigeuza sentensi na kusema naumwa kichwa, bado yeye ni mtendwa. Kwa vyovyote atakavyoipanga, lugha yake inashuhudia kwamba hakulitenda jambo hili, bali limemtendekea.

Tungetarajia, basi, kwamba jamii izungumzayo hivi ingekuwa nyepesi kumhurumia mwenye kipandauso. Mambo hayako hivyo. Sarufi humtoa hatiani, lakini mazungumzo ya kila siku humrudisha kizimbani. Huulizwa amekula nini, amekesha wapi, amekasirikia nini, kwa nini siku zote ni yeye. Mwalimu anayekosa vipindi viwili kila mwezi kwa sababu ya kichwa huonekana mvivu, ilhali mwenzake anayekosa muhula mzima kwa sababu ya mguu huchangiwa fedha.

Kiini cha tatizo, kwa maoni yetu, si ujinga, bali ni mazoea. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii humfaa mgonjwa wa saratani, kwa sababu asiye na saratani hukubali kwamba hajakilalia kitanda hicho. Lakini ni nani ambaye hajawahi kuumwa kichwa? Jua la mchana huleta kichwa, njaa huleta kichwa, malaria huleta kichwa. Maneno yaleyale mawili, kichwa kinaniuma, hulazimika kubeba usumbufu wa nusu saa unaoondoka kwa kikombe cha chai, na pia siku mbili za kutapika gizani. Msikilizaji hudhani kwamba amekwisha kukilalia kitanda hiki, na kwamba yeye hakulia. Hivyo humpima mgonjwa kwa kipimo chake mwenyewe na kumwona amepungua. Anayejua kwamba hajui aweza kufundishwa. Anayedhani kwamba anajua ni shida kumfundisha.

Waandishi waliliona jambo hili. Katika insha yake ya 1926 juu ya kuugua, Virginia Woolf alistaajabu kwamba fasihi imeshughulika mno na mapenzi, vita na wivu, ikauacha ugonjwa nje ya mlango, na akaulaumu umaskini wa lugha yake pale mgonjwa anapotaka kumweleza daktari maumivu ya kichwa. Mwamerika Joan Didion, aliyelala kitandani kwa kipandauso mara kadhaa kila mwezi, aliandika mnamo 1968 insha fupi ambamo aibu ina nafasi kubwa kama maumivu yenyewe: kwa miaka mingi aliyaficha na kuyakana, kwa kuwa kuyakiri kulikuwa sawa na kukiri udhaifu wa tabia. Hebu tuulize aibu hiyo ilitoka wapi.

Hoja ya Marafiki wa Ayubu

Kisa cha Ayubu chajulikana na Waislamu na Wakristo, na fasihi ya Kiswahili ina utenzi juu yake. Katika masimulizi ya Biblia, marafiki watatu walimjia katika msiba wake, wakaketi naye chini kwa siku 7 bila kusema neno. Hadi hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Hoja yao, ijapokuwa waliipamba kwa namna nyingi, ilikuwa moja: mateso haya hayawezi kuwa yamekuja bure, chunguza maisha yako, utaiona sababu. Mwisho wa kitabu, Mungu huwakasirikia wao kwa usemi wao, na hukubali usemi wa Ayubu ambaye alikuwa amelalamika sura baada ya sura.

Hoja hiyo haikufa. Mnamo 1937 daktari Harold Wolff wa New York, mmoja wa watafiti wakuu wa maumivu ya kichwa katika karne ya ishirini, alieleza tabia ambazo aliziona kwa wagonjwa wake wa kipandauso: watu wenye kupenda mafanikio, wenye kutaka kila kitu kiwe kamili, wagumu wa kubadilika, wenye kuficha hasira. Wolff hakuwa mtu wa dhihaka. Yeye mwenyewe aliugua maradhi hayo. Lakini maelezo yake yalipotoka mikononi mwa wataalamu na kuenea, yaligeuka kuwa hukumu: una kipandauso kwa sababu ya jinsi ulivyo. Didion asimulia jinsi daktari alivyomtazama nywele zake zisizochanwa vizuri na kuona kwamba hafanani na mtu wa namna hiyo. Mgonjwa akawa anatazamwa kama mtuhumiwa ambaye sura yake hailingani na maelezo ya polisi.

Utafiti wa baadaye haukuithibitisha tabia hiyo moja ya wenye kipandauso. Uchunguzi wa pacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hatari ya kuugua, inayokaribia nusu, hutokana na urithi, na mnamo 2022 watafiti walitangaza zaidi ya sehemu 120 za jeni za binadamu zinazohusiana nayo. Imejulikana pia kwamba neva kuu ya uso, inapoamshwa, hutoa peptidi inayochochea maumivu. Dawa zinazoizuia peptidi hiyo ziliidhinishwa Marekani kuanzia 2018, ingawa bei yake iko mbali na mfuko wa mwananchi wa kawaida wa nchi zetu. Ikiwa kuzuia molekuli moja kwaweza kuwapunguzia wengi mashambulizi, basi ni vigumu kuendelea kushikilia kwamba asili ya jambo ni uchoyo wa moyo au hasira iliyofichwa.

Je, hisia hazihusiki kabisa? Hapa mwandishi mwaminifu hana budi kwenda kwa uangalifu. Hisia zinahusika. Wagonjwa wengi hutaja msongo wa mawazo miongoni mwa mambo yanayotangulia shambulio, na wengine hupatwa pale msongo unapolegea, siku ya kwanza ya mapumziko. Wenye kipandauso hupatwa na sonona mara mbili hivi au zaidi kuliko wasio nacho, na wasiwasi vilevile. Lakini uhusiano huu una njia mbili: aliye na sonona yuko katika hatari zaidi ya kuanza kipandauso, na aliye na kipandauso yuko katika hatari zaidi ya kupata sonona. Marafiki wa Ayubu huiona njia moja tu. Humwona mwanamke aliyenyong'onyea, mwenye kichwa, nao husema kwamba unyonge umeleta kichwa. Hawaulizi miaka 10 ya kichwa imemfanyia nini moyo wake. Tena, kwamba jambo fulani huwasha moto si sawa na kusema kwamba jambo hilo ndilo kuni. Msongo huo huo humwacha jirani yake bila kipandauso, kwa kuwa jirani hana kuni hizo.

Uvumilivu na Ububu

Sasa tulikabili neno lenyewe: subira. Methali zetu haziafikiani juu yake, na kutoafikiana huko kuna hekima. Moja yasema mvumilivu hula mbivu. Nyingine yasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Aghalabu huwasomea wagonjwa ile ya kwanza wale ambao si wagonjwa, na ile ya pili husemwa matangani, wakati imekwisha kuchelewa.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha 1984 juu ya msongo, waligawanya njia za kukabiliana na shida katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hulenga shida yenyewe: kutafuta habari, kutafuta dawa, kupanga upya kazi. La pili hulenga hisia zinazoletwa na shida: kujituliza, kuyatazama mambo kwa jicho jingine, kukubali lisiloondoka. Hakuna fungu lililo bora wakati wote. Lililo la busara hutegemea kama jambo lenyewe laweza kubadilishwa. Wastoiki wa kale walifundisha jambo linalokaribia hili. Epictetus, aliyekuwa mtumwa na kilema, alitenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, akataka mtu asijitese kwa yale ya pili.

Mafundisho haya ni mazuri mradi yasigeuzwe kuwa amri ya kunyamaza. Ukimya hauko katika fungu lolote kati ya yale mawili. Hauondoi shida, wala hauitulizi hisia. Huificha tu machoni pa wengine. Na kipandauso kina mfano mchungu wa jinsi uficho unavyodhuru. Mfanyakazi asiyetaka kuonekana dhaifu hununua tembe za maumivu dukani, mahali zinapouzwa pamoja na chumvi na viberiti. Huzimeza leo ili afike kazini, na kesho tena. Anapozifikisha siku 15 kwa mwezi, au 10 kwa baadhi ya dawa, na mwendo huo ukaendelea kwa miezi, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu, naye huongeza dawa. Wenziwe humsifu kwa sababu hakosi kazini. Kwa hakika yumo ndani ya shimo analolichimba kwa sifa zao.

Kwa upande mwingine, hatusemi kwamba dawa ya ukimya ni malalamiko yasiyo na mwisho. Wachunguzi wa maumivu wameonyesha kwamba mtu anayezoea kuwaza kwamba hataweza, kwamba mabaya zaidi yaja, kwamba maisha yamekwisha, huishia kuumia zaidi na kufanya machache zaidi. Mazoezi ya kulegeza mwili na kuyapanga mawazo upya yamewapunguzia wengine idadi ya mashambulizi. Hivyo hisia zina adabu yake ya kujifunza. Lakini adabu hiyo hufundishwa kama ufundi, kama mtu afundishwavyo kuogelea. Haidaiwi kama cheti cha tabia njema kabla mtu hajasadikiwa.

Baina ya kunyamaza na kulalamika pana tendo la tatu, ambalo twapendekeza kuliita kutaja. Kielelezo chake kimo katika fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake maarufu mnamo 1858. Wahakiki wameujadili kwa bidii juu ya swala la utiifu wa mke, wengine wakiulaumu, wengine wakiutetea au kuusoma kama kejeli. Twaomba wasomaji wausimamie kidogo mlango wake. Mama huyu anamwita bintiye asogee, kisha anamwarifu kwamba maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka, na kwamba hakuwahi kumwambia neno jema. Baada ya hapo anamtaka akae na wino na karatasi, na kazi inaanza.

Haidhuru yalikuwa maradhi gani. Linalotuhusu ni namna alivyoyatia katika usemi. Hakuyaficha, ingawa utenzi wote ni mafunzo ya heshima na adabu. Wala hakuyafanya kuwa utenzi mzima. Aliyataja kwa jina lake, kwa muda wake, na kwa hasara yake. Hasara aliyoitaja si ya mwili. Ni ya usemi: ugonjwa ulimnyima maneno aliyotaka kumpa mwanawe. Tena alikuwa na msikilizaji aliyesogea. Laiti binti angejibu kwamba hata yeye kichwa humuuma wakati mwingine, tusingekuwa na utenzi.

Ayubu mwenyewe, anayetajwa kila mahali kama mfano wa subira, hakuwa bubu. Korani husimulia kwamba alimwita Mola wake akamwambia kuwa madhara yamempata, na akasikilizwa. Kumbe subira iliyosifiwa ilikuwa subira yenye kinywa. Wanaomtaja Ayubu ili kumnyamazisha mgonjwa wamemsoma vibaya.

Ubora wa Maisha Hupimwa na Nani?

Siku hizi wataalamu wa afya huzungumza juu ya ubora wa maisha, na kwa hakika ni hatua mbele ya kuhesabu vifo peke yake. Shirika la Afya Duniani, lilipotunga kipimo chake katika miaka ya tisini, liliufafanua ubora huo kwa kurejelea jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, katika utamaduni wake, na kwa kadiri ya malengo na matarajio yake. Ufafanuzi huu una uzito wa kifalsafa usiotajwa sana. Kama ubora wa maisha ni jinsi mtu anavyoyaona maisha yake, basi hakuna awezaye kuupima bila kumwuliza. Na kumwuliza mtu ambaye umekwisha kuamua kutomsadiki si kumwuliza.

Kwa mwenye kipandauso jambo hili ni nyeti, kwa maana hasara yake kubwa huenda isiwe katika siku za maumivu. Iko katika siku zilizo katikati. Mtu mwenye mashambulizi manne kwa mwezi ana siku nyingi zaidi za uzima kuliko za ugonjwa. Lakini katika siku hizo za uzima hukataa mwaliko wa harusi kwa sababu ya taa na ngoma, huogopa kuahidi, hubeba tembe mfukoni kama hirizi, hucheka kwa tahadhari. Mtoto wake hujifunza kufungua mlango polepole. Anayehesabu siku za maumivu peke yake huhesabu mvua na kusahau matope.

Yumkini mtu atapinga hivi: ikiwa mgonjwa ndiye shahidi wa pekee, je, hatutawafungulia waongo mlango? Mkuu wa shule aongozeje kazi ikiwa kila asemaye kwamba kichwa kinamuuma lazima asadikiwe? Pingamizi hili lina haki yake, nasi hatulikwepi. Tutenganishe mambo mawili: kusadiki na kuruhusu. Kusadiki kwamba mtu anaumia ni swala la ukweli na heshima. Kumruhusu aende nyumbani ni swala la utaratibu na uwezo wa mahali. Mkuu wa shule aweza kumwambia mwalimu kwamba anamsadiki, na kwamba hata hivyo leo hakuna wa kumshika nafasi, kwa hivyo watafute pamoja la kufanya. Maneno hayo hayamgharimu kitu. Mwalimu atabeba kazi nzito, lakini hatabeba pia kazi ya kuigiza maumivu yake ili yaonekane. Maana hilo ndilo tunalomlazimisha: akitulia, twasema haumwi, akilia, twasema ana visa. Tumemwekea mtihani usio na jibu sahihi.

Tena tupime hasara za makosa yote mawili. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza nusu siku ya kazi. Tukimkana mkweli, tumemfundisha kwamba neno lake halina thamani pale anapolihitaji kuliko wakati wowote mwingine. Atajifunza kutosema, na maradhi yake yataendelea bila tiba. Na kwa kuwa walio wengi miongoni mwa wagonjwa ni wanawake, wasiwasi wetu juu ya waongo huwaangukia wanawake zaidi. Haki haiwezi kujenga msingi wake juu ya kosa ambalo mzigo wake humwangukia mtu yuleyule kila mara.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swala la kipandauso na hisia si swala la tabia ya mgonjwa peke yake. Kutawala hisia ni jambo jema, na anayelijifunza hufaidika. Lakini ni jema linalohitaji mazingira. Subira hustawi pale ambapo mtu ameyataja maumivu yake na kusikika. Pale anapotakiwa kunyamaza kwanza ndipo asifiwe, kinachostawi si subira bali upweke, na upweke hauponyi kichwa wala moyo.

Kwa wahakiki, kazi iko wazi. Fasihi yetu ina wagonjwa wengi ambao tumewapita tukienda kutafuta siasa, dini na ndoa. Yafaa kurudi kuwasoma, tukiuliza ugonjwa umetajwaje, ni nani aliyesogea kusikiliza, na ni nani aliyeanza kutafuta sababu. Kwa wasomaji wengine wote kazi ni nyepesi zaidi. Ndani ya chumba cha walimu, ofisini, au katika nyumba zetu, kuna mtu atakayesema wiki hii kwamba kichwa kinamuuma. Kabla ya kumwuliza amekula nini, tumwulize kinamuumaje, kisha tumpe nafasi ya kumaliza jibu lake.